Protini Iliyokalia Jeni: Nilivyolea Seli za Figo Kibiti

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni kitako kwanza, na hizo simu zizimeni. Mwalimu wa sayansi wa sekondari yetu hapa Kibiti ameniomba niandike habari za kazi yangu ya maabara, maana amesikia kwamba bibi huyu aliyeishia darasa la nne aliwahi kuona protini imekalia jeni. Ni kweli, niliiona. Si kwa jicho tupu, hakuna aionaye kwa jicho tupu, ila niliuona mstari mweusi iliouacha kwenye filamu, na mpaka leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Nitaandika kama ninavyosema. Mwalimu anyooshe herufi, maneno yangu asiyaguse.

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona figo wala seli. Niliona mkojo. Nilichukuliwa kibarua na mradi wa kichocho, na Bwana Afya akanipeleka shuleni Mbwara na kapu la vikopo. Kichocho, kwa msiokijua, ni minyoo inayoingia kwa ngozi mtu akikanyaga maji ya bwawa au ya majaruba ya mpunga. Inakaa kwenye mishipa ya kibofu, inataga mayai, na mtoto anakojoa damu. Siku hizo mvulana akikojoa damu, kwetu walisema amekuwa mwanamume. Mwanamume gani huyo anayelia chooni!

Basi watoto wamepanga mstari, mimi nimeinama naandika namba. Bwana Afya alikuwa mfupi, sauti yake ndiyo ndefu.

"Bibie, umeandika wapi?"

"Kwenye kifuniko, Bwana Afya. Ndiko kunakoonekana."

"Kifuniko hakina mwenyewe! Leo kiko hapa, kesho kimeolewa kwingine. Andika kwenye kikopo!"

Watoto walicheka mpaka wakamwaga. Mimi mtu mzima, mama wa watoto wanne, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini tangu siku hiyo sijaandika namba juu ya kifuniko, na nyinyi msiandike.

Tulizunguka vijiji vya bondeni, tukashuka na mitumbwi hadi vijiji vya delta, kule ambako njia ni mto na ukikosea maji kujaa na kupwa unalala kwenye tope la mikoko. Baadaye nikahamishiwa maabara ya kituo cha afya, kuosha vioo chini ya Fundi Sanifu Mkuu. Huyu alikuwa haongei. Nilimaliza miezi mitatu bila kusikia zaidi ya "rudia" na "haijatakata". Siku moja akanivuta mkono, akanikalisha mbele ya hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu vidogo.

"Unaona nini?"

"Naona kama punje ya mpunga. Ina mwiba mkiani."

"Basi umeanza kusoma," akasema, akaondoka. Lilikuwa yai la kichocho. Nilikaa pale nikalitazama mpaka chai ikapoa. Kitu kile kimekaa ndani ya watoto wangu mwenyewe, na leo nimekiona uso kwa uso! Tangu hapo kazi ile haikuwa ya mshahara tu kwangu.

Pale kituoni ndipo nilipojua habari za figo. Mkulima mmoja wa Mkongo aliletwa amevimba uso na miguu. Kichocho cha miaka mingi kilikuwa kimeziba mirija ya kupitisha mkojo, mkojo ukarudi juu, figo zikavimba, kisha zikakakamaa zikawa kama kovu. Dawa ya minyoo alishapewa na minyoo ilishakufa, figo zikaendelea kuharibika. Alifariki. Mkewe aliniuliza mimi, mwosha vioo, "Mdudu amekufa, sasa kinachomla mume wangu ni nini?" Nikarudi kwenye vioo vyangu na swali lake kichwani.

Aliyekuja na swali hilo hilo mkononi alikuwa Daktari Mtafiti. Mtu wa Bukoba, mrefu, amevaa miwani, hali pweza. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali imefungua biashara kwa kila mtu, ushirika umeanguka, korosho zinanunuliwa na wafanyabiashara binafsi barabarani, na ghala la korosho la ushirika limebaki tupu, popo ndio wenye nyumba. Mradi ukalikodi. Wakapaka chokaa, wakafunga jenereta, majokofu, na kabati kubwa la kioo linalopuliza hewa iliyochujwa ili vijidudu visiingie. Akatafuta mwosha vioo. Fundi Sanifu Mkuu akamwambia maneno matatu: "Mchukue Bi Tatu." Ndiye mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Alhamisi asubuhi nilikwenda machinjioni na chupa ya maji ya chumvi yaliyopozwa kwa barafu, kupokea figo la mbuzi mchanga kabla halijapoa. Mchinjaji hakuchoka kunitania.

"Bi Tatu, huyo Daktari wako anakula figo mbichi? Asije akawa chui!"

"Akiwa chui ataanza na wewe, una mafuta," nikamjibu. "Lete figo, muda unakwenda."

Ghalani, Fundi Kassimu alilikatakata vipande vidogo, akavitia dawa inayoachanisha nyama, akachuja. Huyu Kassimu alikuwa fundi sanifu wetu, kijana wa Utete, mtaratibu, daftari halimtoki kwapani. Zilizopita kwenye chujio ndizo seli, yaani vyumba vidogo vidogo ambavyo mwili umejengwa navyo. Tuliziweka kwenye sahani za plastiki na chakula chao cha maji, chekundu kama chai ya rozela. Kikigeuka njano, ujue kimechacha, seli zinalia njaa. Baada ya siku mbili zinashika sakafu ya sahani, zinatanda, zinagusana mabega kama waumini kwenye safu. Zinaishi! Mbuzi ameshaliwa mchuzi, figo lake linaendelea kuishi kwetu ghalani. Nilikuwa nafika kazini mapema kuliko mlinzi ili nizichungulie.

Siku moja nilimuuliza Daktari tunazitafutia nini. Hakunikejeli. Alivuta kiti.

"Bi Tatu, kila seli ina maandishi yote ya mwili ndani ya kiini chake. Hayo ndiyo DNA. Jeni moja ni kama sentensi moja ya maandishi hayo."

"Yote? Hata ya jicho?"

"Hata ya jicho."

"Mbona figo halioti jicho?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Hilo ndilo swali lenyewe! Halioti kwa sababu si kila sentensi inasomwa. Kuna protini zinazojua mahali pao juu ya DNA. Zinakuja, zinakaa. Hii ikikaa, jeni inasomwa. Ile ikikaa, jeni inanyamaza."

Akanieleza na kile alichokifuata Kibiti. Ipo jeni ya kichocheo cha ukuaji. Kichocheo hicho ni ujumbe ambao seli inawatumia wenzake: kueni, ongezekeni. Ukijikata kidole, ujumbe kama huo ndio unaofunga jeraha. Lakini figo likiumizwa kila siku, ujumbe haukomi, na nyama inajengeka pasipotakiwa, kovu juu ya kovu. Daktari aliamini kwamba katika figo lenye afya kuna protini imeikalia jeni ile na kuinyamazisha, na figo likiumia protini hiyo inabanduka. Nikamkumbuka mke wa yule mkulima. Wallahi nilisimama wima. Jibu lake lilikuwa ndani ya sahani ninazoosha mimi!

Kulithibitisha jambo hilo kulitaka ujanja. Kassimu alikamua protini kutoka kwenye viini vya seli, akazigandisha, Daktari akazipeleka Dar es Salaam kwenye maabara kuu. Huko walizichanganya na kipande kifupi cha DNA ya jeni ile, kilichotiwa alama ya mionzi, wakakipitisha kwa umeme ndani ya jeli. Nyinyi wa delta mtanielewa haraka. Mtumbwi mtupu unateleza na maji mpaka mwisho wa mkondo. Mtumbwi uliopakia boriti unakwenda polepole, unabaki nyuma. Kipande cha DNA kikiwa peke yake kinakimbia hadi chini ya jeli. Kikiwa kimebeba protini kinachelewa, kinabaki juu. Filamu ya eksirei ikiwekwa juu yake inachora mstari mweusi pale kilipofika. Mstari wa juu maana yake protini imekaa.

Filamu mbili za kwanza zilirudi na mstari wa juu kwenye seli zenye afya, na kwenye zile ambazo Daktari alizitia dawa ya kuziumiza makusudi, hakuna. Daktari alizibandika dirishani, tukazitazama na mwanga wa jua, tukapiga vigelegele. Mimi ndiye niliyepiga, wao walipiga makofi.

Kisha mvua za masika zikaja, na maji ya tangi letu yakaanza kunuka tope.

Sasa sikilizeni kosa langu, nalisema lote. Daktari alikuwa ameniambia tangu mwanzo, "Seli hizi ni wageni wako, Bi Tatu. Wakichukia chombo, wanaondoka." Mimi ni mtu wa Pwani. Kwetu mgeni hapewi maji ya mtungi mtupu. Mtungi unaoshwa, unainamishwa mdomo chini juu ya chetezo, unafukizwa ubani, ndipo unatiwa maji. Na maduka yalikuwa yamejaa vitu tena, umeletwa ubani wa mawe meupe ambao hatukuwa tumeuona miaka. Basi ili wageni wangu wasisikie harufu ya tope, nikafuata utaratibu wote niliofundishwa: sabuni maalumu, suuza mara saba kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa. Kisha, kabla ya kuzitia kwenye sufuria la mvuke la kuua vijidudu, nikazifukiza chupa zote za chakula. Moja moja. Kwa mapenzi. Sikumwambia mtu, maana nani anatangaza kwamba amemkirimu mgeni? Harufu Daktari aliisikia, akadhani ndivyo Pwani inavyonuka.

Filamu ya tatu ikaja haina mstari wa juu popote. Seli zenye afya zimekuwa kama zilizoumizwa. Ya nne vilevile. Daktari akaacha kunyoa ndevu.

Ndipo akaja Profesa, Mkuu wa Mradi. Gari lilisimama, akashuka mwanamke wa makamo, mtu wa Tanga, mtandio umefungwa sawasawa. Sikujua kwamba wanawake huwa maprofesa. Ilikuwa saa nne ya chai. Alikagua kila kitu, akatuweka mstari.

"Tangu filamu ya pili mpaka ya tatu, kimebadilika nini hapa?"

"Hakuna, Profesa," akasema Daktari.

"Hakuna," akasema Kassimu.

"Seli haziumii bila kuumizwa. Nani anatengeneza chakula chao?"

"Mimi, Profesa," akasema tena Kassimu.

"Basi ni uzembe wako. Mmesikia serikali inapunguza wafanyakazi. Kila kituo kinatakiwa kutoa jina moja, na mimi nilikuwa sitaki kutoa la kwenu. Sasa nimelipata. Kusanya vitu vyako, nitakuandikia mchana huu."

Kassimu hakujitetea. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane, na wadogo zake wawili aliwasomesha yeye. Akaanza kuvua koti lake jeupe.

Na mimi? Neno lile "kimebadilika nini" lilikuwa limenipiga kifuani. Nilikwenda kabatini, nikafungua chupa, nikaweka pua. Ubani. Hafifu, lakini upo. Nikajua.

Na nikanyamaza! Nawaambia ukweli, nilinyamaza tangu saa nne mpaka adhuhuri. Nilisuuza vioo vilivyokwisha suuzwa. Nilijisemea kazi yangu itapotea, lakini huo haukuwa ukweli wote. Jembe nilikuwa nalo, na shamba la muhogo pia. Kilichonifunga mdomo ni kicheko. Niliwaza watakavyocheka: mshamba wa darasa la nne amefukiza maabara kama chumba cha bibi harusi.

Kassimu akaja kwenye sinki, koti lake jeupe amelikunja vizuri.

"Bi Tatu, nitunzie hili. Ila usilifanye tambara la kudekia."

Alijaribu kutabasamu. Sikustahimili. Nilimnyang'anya koti, nikaingia nalo moja kwa moja ofisini bila kupiga hodi.

"Profesa, huyu hana kosa. Seli zimelishwa ubani."

"Zimelishwa nini?"

"Ubani. Nimezifukiza chupa mimi."

Dereva wake, aliyekuwa mlangoni, akaangua kicheko. Kicheko kile kile nilichokiogopa. Profesa akageuza shingo.

"Toka nje. Mama huyu ametupa tulichokikosa miezi miwili, wewe unacheka nini?" Kisha akanigeukia, kalamu tayari mkononi. "Bi Tatu, uliziinamisha mdomo chini?"

"Mdomo chini, Profesa. Juu ya chetezo."

"Kabla ya mvuke au baada?"

"Kabla."

"Kwa hiyo utomvu wa moshi ulibaki kwenye kioo, mvuke hauutoi, chakula kikauyeyusha." Alikuwa anajisemea sasa, macho yanang'aa. "Daktari, seli zako hazikukudanganya! Zilikuwa zimeumizwa kweli kweli. Zimeumizwa na ukarimu!"

Daktari akaniuliza polepole, "Kwa nini, mama?"

"Si ulisema ni wageni?"

Akajifunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Nilidhani Profesa ataniambia niondoke. Akaniambia, "Leta chetezo chako."

"Chetezo?"

"Na ubani ule ule wa duka lile lile. Tunarudia. Chupa kumi unazifukiza, kumi huzifukizi. Kassimu, vaa koti lako uandike namba."

Jamani, mngeona siku ile! Ndani ya ghala la korosho, mbele ya majokofu na mashine za watu, nimechuchumaa napuliza makaa, Profesa amesimama juu yangu na saa, "dakika tano, geuza," Kassimu anaandika kila chupa ilikaa moshini muda gani, Daktari anapiga chafya. Nimefukiza mitungi maisha yangu yote, lakini sijawahi kuandikiwa dakika.

Alhamisi iliyofuata mchinjaji alipewa agizo la mafigo mawili. Tukazilea seli safu mbili, chakula kimoja, chupa mbalimbali. Hata kabla ya filamu nilishaona kwenye hadubini: za chupa safi zimegusana mabega, za chupa za moshi zimejinyoosha, kila moja na njia yake, kama watu waliokimbia moto. Kassimu akakamua, akagandisha, Daktari akaondoka na gari. Wiki nzima sikulala vizuri. Profesa alikuwa ameliweka jina la Kassimu kando, hakuwa amelifuta.

Daktari aliporudi hakuzima hata injini. Alishuka na filamu mkononi anakimbia, mtu mzima yule, akaibandika dirishani.

Chupa safi: mstari wa juu, mweusi, mnene. Chupa za ubani: hakuna. Seli zilizoumizwa kwa dawa ya Daktari: hakuna. Na huko Dar walikuwa wameongeza jaribio jingine. Walipotia vipande vingi vya jeni ile ile visivyo na alama, mstari wa juu ulipotea, maana protini zilikwenda kuvikalia hivyo. Walipotia vipande vya jeni nyingine, mstari haukutikisika. Maana yake protini ile haikai popote ilipopata nafasi. Inaijua jeni yake! Imeikalia figo likiwa zima, imebanduka figo likiumizwa, liumizwe na dawa au liumizwe na ubani wa Bi Tatu.

Kassimu alikaa chini sakafuni. Mimi nilipiga vigelegele mpaka wauza korosho wa barabarani wakaja kuuliza nani ameolewa.

Profesa alinitumia bahasha moja yenye barua mbili. Ya kwanza ya onyo kali, kwamba nimeongeza kitu kwenye kazi bila kumwarifu mkubwa wangu. Ya pili ya ajira, Mhudumu wa Maabara, si kibarua tena. Zote mbili ninazo. Zote mbili nilizistahili. Na lile jina la kupunguzwa kutoka kituo chetu, aliiandikia serikali kwamba halipo.

Mradi ulikwisha kama miradi yote. Daktari alikwenda kusoma zaidi ng'ambo, Kassimu akapanda cheo akahamia mjini, mimi nikarudi kituo cha afya hadi nilipostaafu. Msidhani tuliponya figo za watu. Hatukuponya. Tulijua protini moja inakaa wapi na inaondoka lini, na bado watoto wa bondeni wanakojoa damu. Kujua mahali mlango ulipo si kuufungua. Lakini nilimfuata mke wa yule mkulima kule Mkongo, nikamweleza: mdudu alikufa, ila figo lilikuwa limesahau kunyamaza. Akasema, "Ahsante. Hakuna aliyewahi kuja kuniambia." Kumweleza huyo mama kulikuwa fundisho langu la kazi ile yote. Nyinyi mtakaozishika mashine nzuri kuliko zetu, rudini mkawaambie wenye swali.

Nikitulia hapa barazani, sikumbuki sana ile filamu. Nakumbuka yale masaa ya kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Mtu mwema alikaribia kupoteza riziki, na jibu liko puani mwangu, na nikaona haya kuchekwa. Kwa hiyo alasiri ile ile, kabla sijajua kama ninayo kazi au sina, nilifika nyumbani nikawaita wote sebuleni, mume wangu, watoto, na wifi yangu aliyekuwa amekuja kutembea. Nikawaambia: "Kuanzia leo, humu ndani mtu akikosea, aseme mwenyewe kabla hajaulizwa. Nitamkaripia, lakini atasikilizwa mpaka amalize. Na yeyote atakayemcheka wakati anasema, awe mkubwa awe mdogo, hali chakula cha siku hiyo. Mume wangu, na wewe umo."